Lori Haliondoki Nusu

Agosti 25

Tumeanza kuchuma. Mgongo umeanza kulalamika kabla jua halijakaa sawa, nikaukemea, ukanyamaza kidogo. Hoho za mwaka huu ni nene, nzito, nyekundu mpaka mtu anaona haya kuzitazama. Tangu Juni hatujaona tone la mvua, na hoho hupenda hivyo, zikiteswa kwa jua ndipo zinapata utamu.

Jioni nimepita kwa mdogo wangu Metodija kumwambia lori lake ndilo litakalotangulia kuvuka mpaka msimu huu. Nimemkuta anaosha matairi kama anamwogesha mtoto.

"Dada, ukinipanga wa kwanza watasema mwenyekiti anapendelea damu yake."

"Waseme. Midomo ni yao."

Wifi yangu Dobrila akaleta kahawa na tikiti maji, tukakaa kibarazani tukawasengenya wote ambao hawakuwepo, kisha nikarudi zangu nyumbani nimeshiba.

Agosti 27

Metodija amevuka. Amepita geti la mboga kwa muda wa mtu kunywa kahawa moja, akanipigia simu kutoka upande wa Serbia anapiga mluzi.

Nikumbuke kuandika jinsi mambo yalivyokuwa, maana vijana wanadhani geti lile lilianguka kutoka mbinguni. Kabla ya chama, lori la hoho lilikaa mpakani siku mbili, tatu, dereva analala chini ya lori na mzigo unatoa maji. Mkaguzi wa kwetu Makedonia anachukua sampuli, kisha mkaguzi wa Serbia anachukua ya kwake, kana kwamba hoho ikivuka mstari inabadilika kabila. Wakulima wa huku walilia, na wapika ajvar wa kule, wanaosubiri hoho zetu wazichome na kuzisaga, walilia vilevile. Basi tukaamua kulia pamoja. Tukaunda Chama cha Wauza Hoho wa Pande Mbili, mimi mwenyekiti upande huu, Radisav mwenye kiwanda cha ajvar upande ule. Tulibisha milango Skopje, tukabisha Belgrade, tukanywa kahawa za maofisa mpaka matumbo yakachoka. Mwisho wakatupa geti letu wenyewe. Mwanachama anabandika kibandiko cha shamba lake kwenye kila gunia, chama kinapiga lakiri kwenye mlango wa lori, naye anapita. Wanachukua sampuli mojamoja tu, kwa kubahatisha.

Na sharti ni moja. Lori moja likikutwa na hoho chafu, geti linafungwa kwa wote, mpaka chama kioneshe kwamba kimesafisha nyumba yake. Sahihi chini ya sharti hilo ni yangu.

Septemba 2

Joto. Kuchuma. Hakuna la kuandika.

Septemba 6

Radisav amekuja na wageni, Waalbania wa kutoka Durrës wanaouza nyanya, wamesikia habari za geti letu wanataka na wao walipate mpakani kwao. Tumewalisha maharage ya kuoka na hoho za kukaanga. Kire, makamu wangu, mtu ambaye hata msibani hutafuta la kuchekesha, akawaambia siri ya chama ni kuhakikisha mwenyekiti ni mwanamke mwenye sauti mbaya. Wamecheka mpaka mkalimani akasahau kazi yake.

Radisav alipokunywa glasi ya pili ya rakija, pombe yetu kali ya matunda, akasema, "Wakubwa wetu wamekaa meza moja miaka na miaka hawajaelewana hata nani aketi wapi. Sisi tumeelewana juu ya hoho." Nilijisikia vizuri. Naandika kwa sababu huwa sijisikii vizuri mara nyingi.

Septemba 9

Bi Neda amepita na toroli lake kuuliza kama kuna mnunuzi. Ni mjane, nyumba yake inapakana na ya Metodija, ana kishamba kidogo na mbuzi wawili. Nilimwambia mwaka juzi ajiunge na chama, apimiwe udongo, afundishwe mambo ya dawa. Akanijibu, "Mimi na mbuzi wangu tushakuwa chama tayari." Nimemwambia ajaribu soko la mjini. Akasukuma toroli lake akaenda.

Septemba 14

Mvua ya kwanza. Imenyesha kwa adabu.

Septemba 16

Nimekaa jikoni naandika.

Kire kapiga simu mchana nikiwa shambani. Hakuanza na mzaha, nikajua kuna jambo. "Ratka, ile sampuli waliyochukua wiki iliyopita, majibu yametoka."

"Ya lori gani?"

"La Metodija."

Nikacheka. Nikamwambia hoho za Metodija watoto wanazila shambani bila kuzifuta, waandike hivyo kwenye majibu yao. Kire hakucheka. "Wamekuta dawa ya wadudu, Ratka. Nyingi. Radisav amemwaga pipa zima la ajvar iliyokwisha kupikwa. Geti limefungwa."

Nilikaa chini palepale, kati ya mistari ya hoho, kwenye tope. Wachumaji wakadhani nimepatwa na kiharusi. Mmoja akanimwagia maji usoni, nikamtukana, wakajua mimi mzima.

Tangu saa hizo simu haijanyamaza. Malori yetu yamerudishwa kutoka getini yakapange foleni ya kawaida pamoja na malori ya mbao na ya saruji. Kila mtu ananiuliza lini. Lini, Ratka? Lini, mwenyekiti? Mimi nijue lini, mimi Mungu?

Septemba 17

Nimekwenda kwa Metodija asubuhi. Alikuwa anapanga kreti tupu ambazo hazikuhitaji kupangwa.

"Zilikuwa zako?"

"Lori lilikuwa langu."

"Sijauliza lori."

Dobrila alikuwa dirishani anaosha vyombo. "Mwambie, Tode," akamwambia mumewe.

"Nimwambie nini asichokijua? Kijiji kizima kiliona toroli."

Basi akaniambia. Jioni ile ya tarehe tisa alikuwa anapakia, nyuma ya lori kukabaki nafasi ya magunia machache. Bi Neda akatokea na toroli lake, hajapata mnunuzi mjini, hoho zinaanza kulainika. Hakuomba hata. Alisimama tu. Na hapa kwetu, tangu enzi za babu na mikokoteni ya ng'ombe, lori haliondoki nusu. Jirani akikukuta unapakia na kuna nafasi, humwambii hapana. Ukimwambia hapana leo, kesho ukifa utatafutiwa bega la kubeba jeneza lako hadi kijiji cha pili. Nami nimekua nikiyasikia hayo, baba yetu aliyasema kila vuli.

Lakini gunia lisilo na kibandiko halipiti geti la mboga. Metodija akabandika vibandiko vyake.

"Hukumuuliza kama amepulizia dawa?"

"Nilimuuliza. Akasema alipulizia, maana nondo waliingia, lakini ameziosha." Akaweka kreti chini. "Aliziosha moja moja, dada. Akazikausha kwa taulo. Mimi nikaona zinang'aa, nikapakia."

Dawa ile huingia ndani ya tunda, haioshwi. Inataka kungojewa hadi iishe nguvu, na sisi wanachama tumefundishwa hilo mpaka tunaliota. Metodija alilijua. Alilijua na bado hakuweza kumwambia mama mzee ageuze toroli.

Nikamwambia amtaje Neda chama kitakapokaa kikao. "Nikimtaja ndiyo iweje?" "Watajua si wewe uliyepulizia." "Na vibandiko vilikuwa vya nani?"

Sharti haliulizi nani alipulizia, linauliza kibandiko cha nani.

Septemba 18

Mvua. Si ya adabu tena.

Septemba 19

Mvua. Lori la akina Stoilko, wanachama wenzetu, limekaa foleni tangu juzi, leo chini yake kunatiririka maji mekundu. Mke wa Stoilko amekuja kwangu, amesimama mlangoni ananitazama, kisha akaondoka. Afadhali angenitukana.

Septemba 20

Radisav amekuja mwenyewe, amelowa, hakutaka rakija wala kiti.

"Pipa nimelisahau," akasema. "Naongea habari ya geti. Belgrade wameniuliza swali moja tu, yule mwenye lori ni nani wa mwenyekiti wao. Nikasema ni ndugu yake, tumbo moja. Wakacheka, Ratka. Wakasema basi, mwisho wake tunaujua."

"Wanadhani nitamficha."

"Wewe usingewaza hivyo kama ni wao?" Akajifuta uso. "Mtu akifanya kosa kama hili adhabu yake ni kutolewa, ipo kwenye katiba yetu, tuliiandika pamoja. Kire akileta hoja, watasema imepangwa. Ukiileta wewe, wataamini. Geti litafunguliwa siku ya pili."

"Na akitozwa faini tu?"

"Watasema faini ya dada kwa kaka." 

Nikamwambia yeye ni mbwa. Akakubali. Nikamwomba radhi, akakubali hiyo nayo. Kabla hajaondoka akasema, kwa upole kabisa, kwamba samaki mmoja akioza ni wote, na kwamba kule kwake wanawake wanaochoma hoho amewaambia wakae nyumbani kwa sababu hakuna cha kuchoma.

Metodija ni mdogo wangu. Mama alipougua, mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka shule na kumfunga viatu. Leo nimekaa na maharage kwenye sahani mpaka yakaganda.

Septemba 21

Sikukuu ya Kuzaliwa Bikira. Kanisani watu walinipisha nafasi kubwa kuliko ninayohitaji.

Baada ya ibada Bi Neda akanifuata makaburini, amevaa kitambaa chake cheusi cha siku kubwa. "Nipeleke mpakani," akasema. "Nitawaambia mimi ndiye. Wanifunge. Mbuzi nitampa Dobrila."

"Hawafungi mtu, Bi Neda."

"Basi watanifanya nini?"

"Hawatakufanya kitu. Wewe si mwanachama."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana matusi ya nguoni. Kumbe kweli nilikuwa nimemtukana, mama huyu aliyekuja kuomba adhabu nami nikamwambia hastahili hata hiyo.

Septemba 23

Kikao kimekwisha. Naandika kabla sijaanza kukumbuka vibaya.

Tulikuwa ukumbini, paa linavuja, ndoo katikati ya chumba, tone, tone, tone. Wanachama wote walikuja. Radisav na wenzake wanne walivuka kutoka kule. Metodija alikaa safu ya nyuma na shati la pasi, kama mtu aliyekuja kuoa.

Nilisoma majibu ya maabara. Nilisoma sharti. Kisha nikasema mimi, Ratka Velinova, mwenyekiti, naleta hoja kwamba mwanachama Metodija Velinov atolewe kwenye chama. Nilitaja ubini wake kana kwamba si ule niliozaliwa nao na kuurudia nilipoachana na mume.

Ndipo Bi Neda akasimama karibu na mlango. Sijui nani alimfungulia. "Zilikuwa zangu! Hoho zilikuwa zangu mimi, mwacheni mtoto wa watu!"

Metodija akageuka. "Mama Neda, kaa chini. Unawachelewesha watu, hoho zao zinaoza."

Akakaa.

Nikauliza, wanaoafiki? Hapakuwa na mkono. Nilitazama chini kwenye meza, nikasikia mbao za kiti zikilia, nikainua macho. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Metodija. Aliunyoosha juu kabisa, kama mwanafunzi anayejua jibu, na hakumtazama mtu. Baada ya hapo wengine wakainua, mmoja mmoja, bila haraka. Kire aliinua mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia alikuwa anafutia pua.

Mwisho Metodija alikuja mezani akaweka vibandiko vyake vilivyobaki. Nikamshika mkono. "Tode." Akasema, "Umefanya kazi yako, dada." Akatoka.

Nimelia njia nzima, lakini ni kilio chepesi. Aliinua mkono mwenyewe. Amenielewa. Huyu ndugu yangu ni mtu mkubwa kuliko nilivyokuwa nikidhani, na nilikuwa nikidhani ni mkubwa.

Septemba 25

Geti limefunguliwa. Malori yote yamepita kabla ya chakula cha mchana. Radisav amenipigia simu niwasikie wanawake wake wakiimba kwenye majiko. Mke wa Stoilko ameniletea pai ya jibini, akanibusu mashavuni mara tatu.

Septemba 28

Hali ya hewa imetulia. Nimepita kwa Metodija, hayupo. Dobrila kasema yuko shambani. Sikumwona shambani.

Oktoba 3

Kuvuna, kupakia, lakiri. Mikono yangu inanuka nta ya lakiri hata nikila.

Oktoba 5

Kire ameniambia, nami nilimlazimisha aniambie.

Metodija alipakia hoho zake, safi, akaenda foleni ya kawaida kama raia yeyote. Foleni ya kawaida iko pembeni tu ya geti letu, kuna waya katikati. Siku ya kwanza wenzake walipopita walimpigia honi na kumpungia. Siku ya pili walipunga bila honi. Siku ya tatu walikuwa wanapita wakitazama mbele. Wakaguzi wakachukua sampuli, wakasema angoje majibu, mvua ikarudi. Majibu yalipokuja yakasema hoho ni safi kabisa. Lakini zilikuwa zimeshaoza. Akageuza lori. Alizimwaga bondeni kwa akina Panče wenye nguruwe, akafagia ndani ya lori kwa ufagio, akaenda kulala.

"Alisema nini?" nikamuuliza Kire.

"Alisema nguruwe wa Panče wana bahati."

Kire hakucheka aliponiambia, nami sikucheka.

Oktoba 8

Nimefanya jambo ambalo sikudhani nitalifanya.

Jioni, mvua inanyesha, nilikwenda kwa Metodija nikiwa na vibandiko vyangu mfukoni. Alikuwa ghalani anachambua zilizobaki. Zilikuwa nzuri, Mungu wangu, nzuri kuliko zangu.

"Mpe Kire magunia haya ayapakie kwenye lori lake," nikamwambia. "Nitabandika vya kwangu. Shamba lako na langu yanagusana, udongo mmoja, nani atajua?"

Akaniangalia, kisha akacheka. Kicheko cha kweli, kile cha utotoni, mpaka akashika nguzo.

"Dada, hiyo si ndiyo niliyofukuziwa?"

"Zako ni safi. Ni tofauti."

"Za Neda nami niliamini ni safi." Akaacha kucheka. "Kwangu lilikuwa kosa la kunitoa mbele ya watu wote. Kwako wewe limekuwa huruma?"

Nikamwambia nilifanya kwa ajili ya bonde zima, kwamba alijua, kwamba aliinua mkono mwenyewe wa kwanza.

"Niliinua kwa sababu nilikuona unatetemeka," akasema. "Na kwa sababu Kire asingeweza kuanza, na Stoilko asingeweza, na tungekaa pale tukisikiliza ndoo mpaka Krismasi. Sikusema ulikuwa sawa."

"Kwa hiyo sikuwa sawa?"

Alichukua hoho moja, akaigeuza mkononi, akaiweka. "Ulikuwa sawa, Ratka. Hilo ndilo gumu. Ungekuwa umekosea ningekutukana, tukalewa, yakaisha. Nenda nyumbani, unalowa."

Oktoba 9

Sikulala.

Oktoba 14

Metodija na Dobrila wanauza sokoni mjini, kwenye turubai, kilo mojamoja. Bi Neda anakaa nao, anapima. Nilipita upande wa pili wa barabara nikiwa na samaki mkononi, nikajifanya namtafuta mtu.

Oktoba 16

Mvua.

Oktoba 22

Nimerudi kutoka Skopje. Vyama vya biashara vya nchi sita vimekutana hoteli moja yenye mazulia, kila mmoja na jina lake kifuani. Wamenipandisha jukwaani nielezee geti la mboga. Nimesema niliyozoea kusema, malori mangapi, saa ngapi zimeokolewa, wapika ajvar wangapi wameongeza wafanyakazi. Kuna watu wa maziwa, wa zabibu, wa mbao, wote wanataka geti lao. Ni jambo zuri. Naliandika hapa kwa herufi zangu mwenyewe ili nisije nikasema baadaye kwamba halikuwa zuri. Bonde letu linakula kwa sababu ya geti lile.

Kisha kijana mmoja wa Montenegro akauliza, "Uaminifu mliujengaje? Sisi kila mtu anamlinda wa kwake."

Ningeweza kusema kwa ukaguzi na mafunzo. Badala yake nikasema msimu huu tulimtoa mwanachama aliyekuwa ndugu wa damu wa kiongozi. Sikusema kiongozi yupi. Ukumbi ukapiga makofi, wengine wakasimama. Nami nikainama kidogo, kama mtu anavyoinama akipigiwa makofi.

Nikiwa kwenye basi nilijiona mchafu. Nimemfukuza mara moja kwa sababu ililazimu. Leo nimemtumia ili wageni waniheshimu, na hilo halikulazimu.

Oktoba 29

Lori la Metodija limeuzwa kwa mtu wa mji wa Štip. Lilipita mbele ya nyumba yangu likiendeshwa na uso nisioujua. Kijana wao aliyeko Slovenia amewatafutia Metodija na Dobrila kazi ghalani huko, wataondoka Desemba, baada ya sikukuu ya Mtakatifu Nikola. Bi Neda atabaki na funguo za nyumba. Nilidhani funguo nitaachiwa mimi. Sijui kwa nini nilidhani hivyo.

Novemba 1

Msimu umekwisha. Shamba limebaki mabua. Kire kasema ni msimu bora tangu chama kianze.

Novemba 7

Radisav kapiga simu, anataka kujua kama kesho aende kwa Metodija, maana hajaalikwa. Nikamwambia wewe Mserbia mzima huna slava kwenu? Sikukuu ya mtakatifu wa nyumba hakuna anayealikwa. Anayekuja anakuja, na mwenye nyumba hamfungii mtu mlango. "Basi nitakuja," akasema. "Nitaleta mvinyo. Labda ni siku ya kuyamaliza." Nami nikasema labda.

Nimeoka mkate wa jibini. Nimeuharibu, nikaoka mwingine.

Novemba 8

Leo Mitrovden, siku ya Mtakatifu Dimitri, mlinzi wa nyumba ya baba yetu, ambayo sasa ni ya Metodija.

Siku hii wageni huingia kwa mlango wa mbele, hupokewa na mwenye nyumba, hukalishwa. Watoto wa nyumba hatuingii huko. Sisi tunaingia kwa nyuma, jikoni, tunajifunga aproni, tunaosha sahani za waliokula ili wanaokuja wale, na sisi tunakula tukiwa tumesimama, kwa mkono, kutoka sufuriani. Tangu nikiwa msichana sijawahi kukaa mezani siku ya Mitrovden. Hata mwaka niliofiwa na mama nilikuwa jikoni.

Nikazunguka nyuma na mkate wangu. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, mvuke unatoka, sauti za wanawake, mtu anacheka. Alikuwa Bi Neda, amejifunga aproni, mikono imezama kwenye beseni mpaka kwenye viwiko, anawaelekeza wasichana wa jirani wapi pa kuweka vikombe.

Dobrila akaniona. Akafuta mikono, akatoka nje, akaupokea mkate kwa mikono miwili. "Ratka, umekuja! Karibu, karibu sana." Akanishika kiwiko, kwa upole kama wauguzi wanavyomshika mgonjwa, akaniongoza kuzunguka ukuta wa nyumba, tukapita zabibu, tukapita kisima, mpaka mlango wa mbele. Akaufungua. "Tode, tuna mgeni."

Metodija alikuwa amesimama karibu na mshumaa wa mtakatifu. Akaja, akanipa mkono. "Karibu, mwenyekiti. Umeiheshimu nyumba yetu."

Hakuwa na kejeli. Ningeisikia. Alikuwa mpole, amenyoa vizuri, na alinipeleka kwenye kiti cha heshima karibu na Radisav, akanivutia kiti. Nikawekewa sahani nzima, kisu, uma, kitambaa kilichokunjwa. Akanimiminia mvinyo akiwa amesimama, kama alivyommiminia Radisav, kama anavyommiminia padri.

Waliokuja hawakuwa wengi. Kire alikuja, Stoilko hakuja. Radisav alikuwa na furaha, alikula nyama na sarma za kabichi, akaniinamia akaninong'oneza, "Unaona? Ndugu yako ni mtu mkubwa. Amesamehe." Nikatikisa kichwa. Angejuaje, maskini, kwao hakuna anayeujua mlango wa jikoni wa nyumba yetu.

Sahani zilipokwisha nikasimama nizikusanye. Mwili tu, umezoea. Nilikuwa nimeshika tatu Dobrila alipokuja akazitoa mikononi mwangu, moja, ya pili, ya tatu.

"Kaa, Ratka. Mgeni hafanyi kazi."

Nikakaa. Nilikunywa mvinyo, nikasema mvinyo ni mzuri. Kule jikoni kitu kilianguka kikavunjika, Bi Neda akapiga kelele, wanawake wakacheka, na Metodija naye akacheka akauliza kwa sauti ni sahani gani, ya mama au ile mbaya ya harusini. Ningeweza kumjibu. Ninazijua sahani zile zote. Nilikaa na mikono mapajani nikatabasamu, kama Radisav alivyokuwa anatabasamu, mtu asiyejua sahani yoyote.

Nilipoaga, nilitaka nitoke kimyakimya, kama sisi wa nyumba tunavyotoka, bila kwaheri, kwa sababu kesho utarudi kuchukua bakuli lako. Lakini Metodija akachukua koti lake. Nikamwambia usisumbuke, mvua inanyesha. Akasema si usumbufu. Akanisindikiza mpaka getini akiwa kichwa wazi, amenishikia mwavuli juu yangu, yeye analowa. Getini akanipa mkono tena.

"Asante kwa kuja, Ratka," akasema. "Safari njema."

Nyumba yangu iko upande wa pili wa barabara. Alisimama pale mvuani mpaka nikaingia ndani, kama anavyosimamiwa mgeni.